Chupa ya Macho Iliyokwenda kwa Zamu

Maneno yalianzia Kituku, ufukoni mwa ziwa, pale akina mama wanaponunua sambaza, samaki wadogo, asubuhi. Yalisemwa hivi: ukimpeleka mtoto mwenye macho mekundu kwenye hospitali kubwa, watampitisha kijiti cha pamba jichoni. Pamba hiyo itanyonya mwanga wa jicho. Wataifungia kwenye friji, halafu wataiuza mbali. Mtoto atabaki na jicho zima kwa nje, na giza kwa ndani.

Nani aliyeona? Hakuna. Mmoja alisikia kwa muuza chumvi. Muuza chumvi alisikia kwa shemeji yake. Shemeji naye alisikia ndani ya mashua, kwa mtu aliyeshuka bila kuaga.

Kadidja aliyasikia akiwa ameinama, anachagua samaki wa kwenda kuuza. Alicheka pamoja na wenzake.

"Mwanga banauzisha kwa kilo ao kwa litre?" aliuliza, na wanawake wakacheka zaidi.

Lakini alipobeba beseni lake kurudi nyumbani, mtaa wa Keshero, maneno yale yalikuja naye. Alipofua, yalikuwepo. Alipokaanga sambaza, yalikuwepo. Aliyafukuza, yakaenda kidogo, yakarudi.

Yalimshika kwa sababu moja tu. Nyumbani kwake kulikuwa na jicho jekundu.

Jicho hilo lilikuwa la Shukuru, mwanawe wa kwanza, mtoto wa shule ya chekechea. Kila asubuhi kope zake zilikuwa zimegandana kwa matongotongo ya rangi ya manjano. Kadidja alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu na kufuta taratibu.

"Mama, unifungulie mulango ya jicho," Shukuru alisema.

"Ninafungua, baba. Usisukume."

"Nani njo alifunga?"

"Sijui, mutoto yangu. Hata miye ninataka kumujua."

Baba wa mtoto, Rachidi, alikuwa dereva wa lori la Fuso. Mara nyingi alikuwa safarini, upande wa Butembo. Kadidja alibaki na watoto, beseni la sambaza, na maswali yake. Maana Kadidja alikuwa mtu wa maswali. Aliacha shule baada ya darasa la sita, lakini kuuliza hakuacha.

Sasa kwa nini hakwenda hospitali mapema? Tusikimbilie kulaumu maneno ya pamba peke yake. Kulikuwa na chupa.

Wanawake wa avenyu yao, barabara ya mtaani, walikuwa na likelemba, chama cha kuchangiana. Kila mmoja anatoa mchango, na kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Aliyeiongoza ni Kaswera, jirani wa mlango wa pili, mama wa kabila la Wanande aliyeuza maharagi kwenye kibanda mbele ya nyumba yake. Kaswera alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa. Macho mekundu yalipoingia kwenye avenyu, mtoto wake Benny ndiye aliyeanza. Kaswera akaita wenzake.

"Bamama," alisema, "juu ya nini kila mutu anunue chupa yake? Tununue moja ya likelemba. Dawa ya nguvu, antibiotike. Mwenye mutoto mugonjwa anakamata. Jicho ikifunguka, anapeleka kwa mwenye kufuata. Dawa haiwezi kulala bure mu nyumba ya mutu mwenye alishapona."

Wote walipiga makofi. Lilikuwa jambo la upendo, na lilionekana lina akili. Yule asiyekuwa na kitu angepata dawa sawa na yule aliyekuwa nacho.

Chupa ilianza kwa Benny. Benny akapona. Ikaenda nyumba nyingine, na nyingine. Ilipofika kwa Kadidja, alimlaza Shukuru na kudondosha matone. Ncha ya chupa iligusa kope. Hakujali. Kesho yake jicho lilipungua wekundu. Siku iliyofuata akaja Charline, mama kijana aliyetoka kujifungua.

"Mama Shukuru, zamu yangu. Mutoto wangu naye ameamuka na uchafu ku macho."

Kadidja alitazama jicho la mwanawe. Lilikuwa jeupe kidogo. Akatoa chupa.

Haikupita muda, jicho la Shukuru likawaka tena. Chupa ikarudi. Matone yakadondoka. Safari hii wekundu haukupungua. Usaha uliongezeka.

"Ongeza dawa," alisema Kaswera. "Kamata kapsule, ile ya rangi mbili. Fungua, mwaga unga mu maziwa ya titi ya Charline, tia mu jicho. Mama yangu alifanyaka vile."

"Na jicho ikapona?"

"Kumbe! Si miye huyu ninakuona?"

"Unaniona na jicho zote mbili?"

"Moja inaonaka muzuri. Ingine inasaidia."

Kadidja hakuuliza tena. Alinunua kapsule kwenye kibanda, akarudi nayo nyumbani ndani ya ngumi. Alikuwa ameshaanza kuifungua Shukuru alipokuja na kusimama mbele yake, ameziba jicho lisiloumwa kwa kiganja.

"Mama, ukiwa pale sikuone muzuri. Kuko moshi."

"Moshi wapi? Sijawasha moto."

"Mu jicho."

Kadidja akaitupa kapsule. Alimvuta mtoto mlangoni kwenye mwanga. Katika sehemu ya mbele ya jicho, ile inayong'aa kama kioo, palikuwa na doa. Doa dogo, la rangi ya maziwa. Jana halikuwepo.

Alimpigia simu Rachidi. Mtandao ulikatika, ukarudi.

"Mupeleke hospitali, mama Shukuru."

"Banasema kule banatoa mwanga na pamba."

"Banasema nani?"

"Batu. Kituku."

Rachidi alicheka, lakini cheko lake lilikuwa na wasiwasi ndani yake. "Miye ninaendeshaka Fuso na lampe mbili. Sijaona fundi mwenye anatoa mwanga yake na pamba na kuiweka mu mufuko. Kadidja, sikiliza. Weye ni mutu wa kuuliza. Nenda, ubaulize. Kama jibu ni mubaya, urudi na mutoto. Lakini usiikale ku nyumba na doa ile."

Akaenda.

Kwenye hospitali, daktari wa macho alidondosha rangi jichoni mwa Shukuru, akaangaza kwa taa ya buluu. Alitazama kwa muda. Halafu akamgeukia Kadidja na kusema bila kuzunguka:

"Mama, kuna kidonda kwenye kioo cha jicho. Mikrobe, vijidudu vya ugonjwa, imeanza kukila. Bado ni kidogo na kiko pembeni. Kikifika katikati, mtoto hataona vizuri kwa jicho hili maisha yake yote. Ametumia dawa gani?"

Kadidja alitaja jina la dawa ya chupa.

"Kwa muda gani?"

"Kwa zamu."

Daktari aliinua nyusi. "Kwa zamu, namna gani?"

Akaeleza. Daktari hakumkaripia. Alishusha pumzi tu, akasema, "Basi siwezi kubahatisha. Nitampa dawa ya kuanzia, lakini kwanza labo, yaani maabara, ichukue usaha kidogo. Tujue ni mikrobe gani, na ni dawa gani inaiua."

Akaingia mwanamke mwenye koti jeupe na miwani. Jina lake Uwamariya, mfanyakazi wa labo. Mkononi alikuwa na kijiti. Mwisho wa kijiti, pamba.

Kadidja alimfunika Shukuru kwa kitenge chake, mwili mzima.

"Ile pamba inaendaka wapi?" aliuliza.

Uwamariya alisimama. Hakucheka. Aliweka kijiti chini na kuketi kwenye benchi, karibu naye.

"Umesikia nini, mama?"

Kadidja alimwambia yote: mwanga, friji, kuuzwa mbali. Aliposikia maneno yale yakitoka kinywani mwake, ndani ya chumba kile, yalionekana madogo. Lakini hayakumtoka moyoni.

"Muzuri umeuliza," alisema Uwamariya. "Wengine wanakimbia bila kuuliza. Tufanye hivi. Nitaanza na jicho yangu."

Alifungua kijiti kingine kipya. Akavua miwani, akavuta kope ya chini, akapitisha pamba pole pole. Kisha akaziba jicho la pili kwa mkono.

"Sasa unionyeshe kintu yoyote."

Kadidja alitazama huku na huku. Alionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. "Soma pale."

"Nikisoma bila miwani nitakudanganya," alisema Uwamariya, na hapo Kadidja akacheka bila kutaka. Uwamariya alivaa miwani na kusoma maneno yote, hadi ya chini kabisa. "Umeona? Mwanga haukai kwenye uchafu wa jicho. Pamba inabeba uchafu tu. Ule ambao wewe unafutaka kila asubuhi na kitambaa."

Kadidja aliwaza juu ya kitambaa chake. Asubuhi zote zile, kimefuta na kufuta. Kama mwanga ungetoka kwa kufutwa, ungekuwa umeshakwenda kwenye maji ya kufulia.

Akafungua kitenge. Pamba ikapita.

"Inanitekenya," alisema Shukuru.

"Sasa," alisema Kadidja, "ninataka kuona inafika wapi. Sitaki kuambiwa. Ninataka kuona."

Mlango wa labo ulikuwa na dirisha la kioo. Alisimama nje, mtoto mgongoni. Aliona Uwamariya akiipakaza ile pamba juu ya kisahani chenye kitu kama uji ulioganda, chekundu. Akafunika kisahani, akaandika jina la Shukuru, akakiweka ndani ya sanduku la chuma.

"Ile ni friji?" Kadidja aliuliza kupitia mlango.

"Hapana. Friji ni baridi. Hii ni sanduku ya joto, joto la mwili wa mutu. Kama kuveze ya batoto wenye kuzaliwa mbele ya wakati. Na ile nyekundu ni chakula cha mikrobe. Mikrobe ikishiba, inazaa. Urudi kesho, utaiona."

Usiku ule Kadidja alidondosha dawa ya kuanzia kama alivyoagizwa. Wasiwasi ulikuwepo, lakini hamu ya kuona kesho ilikuwepo pia.

Kesho yake Uwamariya alimletea kisahani mlangoni, kikiwa kimefunikwa vizuri.

"Usifungue. Angalia kwa juu."

Juu ya ule uji mwekundu palikuwa na vidoti vingi. Vidogo, vya mviringo, vya rangi ya krimu.

"Hizi njo zilikuwa mu jicho ya mutoto wangu?"

"Njo hizi. Moja peke yake haionekane. Lakini kila moja imejigawa, na watoto wake wamejigawa tena, mpaka wakawa kirundo. Kila kidoti unachoona ni jamaa nzima."

"Iko na jina?"

"Iko nalo. Inaitwa stafilokoki. Lakini jina halitoshi, mama. Wewe unapikaka maharagi?"

"Kila siku ya Mungu."

"Yote inaiva sawasawa?"

"Wapi! Kuko yenye inaiva mbio, moto kidogo tu. Kuko ingine itamaliza gunia ya makala mu jiko na itabaki inakutazama."

"Yote ni maharagi?"

"Ni maharagi. Lakini namna zake ni mbalimbali."

"Basi stafilokoki vilevile. Jina ni moja, namna ni nyingi. Namna moja inakufa kwa dawa hii. Namna ingine inaogelea ndani ya dawa ileile kama iko ziwani. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ni lazima tuzijaribu. Na ninakuomba kitu kimoja: uniletee ile chupa."

Chupa ilikuwa kwa Charline. Kadidja alimkuta ameketi kizingitini, mtoto wake mchanga Munezero mapajani. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa, chupa iko juu ya jicho la mtoto.

"Acha!" Kadidja alipaza sauti.

Charline alishtuka. "Zamu yangu haijaisha, mama Shukuru!"

"Sikuje kwa zamu. Unipe chupa. Na huyu mutoto, tumubebe sasa hivi. Dokta alisema mutoto muchanga mwenye usaha ku macho hangojake hata siku moja."

Kaswera alitokeza kichwa kwenye kibanda chake. "Ee, leo mama Shukuru amekuwa dokta! Jana alikuwa muuza sambaza, leo ana hospitali!"

"Nitakuelezea, yaya Kaswera, dada yangu mukubwa. Sasa ninakimbia."

"Kimbia, dokta! Usisahau kutuachia ordonansi ya dawa!"

Munezero alipokelewa siku ileile, akatibiwa. Chupa ikaingia labo. Uwamariya alipitisha pamba kwenye ncha yake, akaipakaza kwenye kisahani kingine.

Majibu ya vidoti vya Shukuru yalikuja kwanza. Kadidja alipoitwa, alikuta kisahani kikubwa kuliko cha mwanzo. Mikrobe ilikuwa imetandazwa kote, kama ukungu juu ya kioo. Juu yake Uwamariya alikuwa amepanga vikaratasi vya mviringo, vidogo kama vifungo vya shati la mtoto.

"Kila kikaratasi kimelowekwa dawa moja," alisema Uwamariya. "Dawa inatoka, inatembea pembeni. Kama inaua mikrobe, kikaratasi kitazungukwa na sehemu safi. Kama haiiui, mikrobe itakuja mpaka kwenye karatasi. Sasa usiniulize. Angalia, uniambie wewe."

Kadidja aliinama. Alitazama kama anavyotazama samaki sokoni, asidanganywe. Kikaratasi kimoja kilizungukwa na duara pana, safi, kama mwezi. Kingine kilikuwa na duara pana vilevile. Cha tatu kilikuwa na duara nyembamba sana. Vingine havikuwa na kitu. Ukungu wa mikrobe ulifika hadi kwenye ukingo wake.

"Hii na hii inaua," alisema. "Hii inajaribu lakini haina nguvu ya kutosha. Hizi zingine, mikrobe inazilalia kama mukeka."

"Umesoma kama mutu wa labo. Kuna vipimo vya kupima upana wa duara, tumeshapima. Umeona sawa."

"Na dawa ya chupa yetu ni gani?"

Uwamariya aligusa kifuniko cha kisahani kwa kalamu. Ni mojawapo ya zile zilizolaliwa.

Kadidja alihesabu moyoni matone yote yale, na kilio cha mtoto, na jinsi alivyomshika kichwa kwa nguvu ili asipoteze hata tone moja.

"Kwa hiyo nilikuwa ninatia mayi," alisema.

"Kwa hii mikrobe, kama maji. Na tumempata ndugu yake. Kwenye ncha ya chupa kuna stafilokoki pia. Tukaijaribu kwa vikaratasi vilevile. Inakufa kwa dawa zilezile, inakataa dawa zilezile. Kusema hakika ni ukoo mmoja kabisa, ingebidi labo kubwa isome undani wake. Lakini kwa picha hii, ninaamini ni namna moja."

"Ilifika je ku chupa?"

"Ncha iligusa jicho. Jicho la nani kwanza, hatujui, na haisaidii kumtafuta. Sikiliza jinsi ilivyokuwa ngumu. Ndani ya jicho moja mikrobe hazifanani zote. Unatia dawa kidogo, zile dhaifu zinakufa kwanza. Jicho linaonekana limepona. Unaacha. Zile ngumu zimebaki, na sasa zina nafasi yote. Halafu chupa inazibeba kwa jirani. Huko pia dawa kidogo, huko pia dhaifu zinakufa na ngumu zinabaki. Ninyi mlipanga zamu ya dawa. Ndani yake ikaingia zamu ya mikrobe."

Kadidja alishika shavu. Halafu swali likamjia, akashindwa kulizuia.

"Lakini Benny alipona. Njo maana wote tuliamini. Kama chupa ilikuwa mubaya, ni nini ilimuponya?"

"Macho ya Benny yalikuwa na usaha muzito?"

"Hapana. Yalilia tu machozi, jicho moja kisha ya pili. Alikuwa na mafua pia."

"Sikumpima, siwezi kuapa. Lakini macho mekundu ya namna hiyo, mara nyingi ni virusi. Virusi si bakteria kama stafilokoki. Antibiotike haiigusi kabisa. Inaondoka yenyewe baada ya muda."

"Kumbe chupa ilipata sifa ya bure!"

"Ya bure kabisa," alisema Uwamariya, na wakacheka wote wawili, ijapokuwa cheko la Kadidja lilikuwa na machozi karibu.

Daktari alibadilisha dawa. Alichagua moja kati ya zile zilizokuwa na duara pana, iliyofaa kwa jicho la mtoto. Chupa mpya, ya Shukuru peke yake. Mwanzoni ilidondoshwa kila saa, mchana na usiku. Kadidja alinawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Alivuta kope ya chini, akaacha tone lianguke bila ncha kugusa kitu. Wekundu ulipoanza kupungua, mkono wake ulitaka kuacha. Hakuacha. Alikuwa ameona zile zinazobaki zinavyofanya.

Siku ya mkutano wa likelemba alisimama kuwaeleza wenzake. Kaswera alikunja mikono.

"Kwa hiyo miye njo nimepofusha batoto ba avenyu?"

"Hapana, yaya. Wote tulipiga makofi. Hata miye nilipiga. Lakini uniambie kintu kimoja, weye mwenye kujua maharagi kutupita wote." Kadidja alichota maharagi kutoka gunia la Kaswera, ya laini na ya ngumu, akayachanganya kiganjani. "Nikipika hizi pamoja na moto kidogo, itakuwa je?"

"Utaharibu chakula. Laini zitaiva, ngumu zitabaki."

"Nikitoa zenye zimeiva, nikapanda zile zilibaki, nitavuna nini?"

"Utavuna ujinga. Maharagi ya kuchemuka haiotake!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kadidja naye alicheka, lakini hakukaa chini.

"Maharagi haiotake. Mikrobe yenye haikukufa inaota. Sasa ujibu."

Kaswera alitazama maharagi kiganjani mwa Kadidja. Alikuwa ameuza maharagi maisha yake yote, na jibu lilikuwa linamtazama.

"Nitavuna ngumu tupu," alisema pole pole. "Na musimu wa kufuata, ngumu kushinda." Akamgeukia Benny, aliyekuwa akicheza mlangoni. "Na sisi tulizitembeza nyumba kwa nyumba. Ee Mungu wangu."

Charline alimkumbatia Munezero.

Kaswera akasimama. "Basi likelemba haifi. Inabadilika. Mutoto akiugua macho, tunamusindikiza kwa muganga wa hospitali, na sanduku yetu ya michango inasaidia. Kama muganga anaandika dawa, anapata chupa yake. Yake! Mwenye ataniomba chupa ya jirani, nitamupiga na mwiko ya maharagi." Akakohoa. "Na miye pia nitaenda. Ile jicho yangu yenye inasaidia tu, ninataka kujua ilipatwa na nini."

Likawa hivyo. Wakaweka bido, dumu la maji, na sabuni karibu na choo cha uani. Kila mtoto akapata kitambaa chake cha uso. Macho ya Munezero yalisafika. Macho mekundu yalirudi tena kwenye avenyu, maana ugonjwa huo haukosi njia, lakini hayakuzunguka tena ndani ya chupa.

Siku ya kurudi kwa daktari, Rachidi alikuwepo. Alikuwa ameegesha Fuso, akasema safari itangoja. Daktari aliangaza taa ya buluu. Kidonda kilikuwa kimefunga. Pembeni palibaki kovu jembamba, mbali na katikati. Kadidja aliuliza kama litaondoka. Daktari alisema huenda lisiondoke, lakini halitamzuia kuona.

Kisha daktari akaziba jicho lililokuwa zima siku zote. Kadidja alishika mkono wa mumewe, akaufinya hadi kidole kikalia.

"Shukuru, unaona nini?"

Mtoto alitazama. Alichukua muda wake wote.

"Ninaona dokta," alisema. "Iko na nywele ndani ya pua."

Haya ndiyo ya kuepuka, mama unayesoma, na wewe baba:

Usimpe mtoto dawa ya macho ya mtoto mwingine, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Usiguse jicho wala kope kwa ncha ya chupa.

Usiache dawa kwa sababu jicho limekuwa jeupe. Maliza kama ulivyoandikiwa.

Usiweke dawa iliyobaki ikingoja ugonjwa mwingine.

Usinunue antibiotike kwa kubahatisha. Macho mengine mekundu hayaihitaji kabisa.

Usitie jichoni unga wa kapsule, maziwa ya titi, mkojo, wala maji ya ziwa.

Usifute macho ya watoto wote kwa kitambaa kimoja.

Usingoje nyumbani kama mtoto ni mchanga, au ana usaha mwingi, au jicho linauma kwenye mwanga, au kuna doa jeupe, au anasema anaona moshi.

Usikimbie pamba ya labo. Uliza inakwenda wapi, na uombe kuona.